Pikipiki Iliyosikika Kabla Haijafika

Ukikaa Kabwe jioni ya Jumamosi, pale Mbeya watu wanaposhuka na mizigo kutoka Mwanjelwa, kuna pikipiki unazijua kwa sauti kabla hujaziona. Hii ya yule jamaa wa rasta. Hii ya yule anayembeba mama ntilie wa Soweto kila siku. Na kwa kama miezi minne hivi kulikuwa na moja iliyozifunika zote. Sauti nzito, halafu kila dereva akiachia mafuta inakohoa, pa, pa! Watoto wa Ilomba walikuwa wanaitangaza ikiwa bado mitaa miwili nyuma.

Mwenye pikipiki alikuwa dogo wa miaka 23, mwembamba, mpole, wa kucheka chinichini. Ndiyo maana watu walikuwa wanashangaa. Ile sauti haikumfaa hata kidogo, ni kama mtoto kavaa koti la marehemu babu.

Chombo chenyewe kilikuwa Mchina wa 125, wa mtumba, lakini kizima. Alinunuliwa na dada yake aliyeolewa Iringa, anayeuza vitunguu na nyanya Ipogolo. Kikundi cha akina mama kilipovunja mfuko mwisho wa mwaka, dada akapata milioni moja na laki nne, akaitoa yote. Makubaliano: dogo atarudisha elfu thelathini kila wiki kwa simu mpaka iishe. Hakuna karatasi, hakuna shahidi. Kulikuwa na sauti ya dada tu: "Mdogo wangu, hii ni hela ya shule ya mwanangu. Januari naihitaji. Usinitie aibu kwa shemeji yako."

Na dogo alikuwa analeta, tuseme ukweli. Wiki kumi na moja mfululizo, kila Jumapili usiku, meseji inaingia.

Shida ilikuwa milima.

Mtu wa Dar hawezi kuelewa hili mpaka aje. Jiji la Mbeya liko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na huko juu hewa ni nyepesi. Injini inakula petroli na hewa, na hewa ikipungua na nguvu inapungua. Kwa pikipiki ya kabureta, hesabu ya mafundi ni kwamba kila ukipanda mita elfu moja unapoteza kama sehemu moja ya kumi ya nguvu. Ile 125 iliyoandikiwa nguvu za farasi 11 kiwandani, ukiiwasha Ilomba unabaki na 9 hivi. Na hapo bado hujapakia mtu.

Tena kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Tundu la petroli ndani ya kabureta, ile jeti, limetobolewa kwa ajili ya hewa nzito ya kule chini. Huku juu petroli inayomiminika ni karibu ileile lakini hewa ni pungufu. Kwa hiyo injini inashiba petroli kuliko inavyohitaji: inakuwa nzito, plagi inajaa masizi meusi, na mafuta yanaisha haraka. Pikipiki kibao za Mbeya zinatembea hivyohivyo, zimevimbiwa, na madereva wanadhani ndivyo zilivyoumbwa.

Siku moja dogo akapata mama mmoja na nusu gunia la viazi, anakwenda Itiji. Anayeijua Itiji anajua, barabara inapanda kama inataka kukupeleka Loleza kileleni. Katikati ya kilima pikipiki ikagoma. Gia ya pili, ya kwanza, ikalia weee na kusimama. Mama akashuka. Akatembea kwa mguu pembeni ya chombo alichokilipia nauli. Na wakati huohuo ikapita Boxer ya 150 na watu wawili na ndoo, haina habari. Dereva wa Boxer hata hakutukana. Aligeuka tu, akatabasamu.

Lile tabasamu lilimtesa kuliko tusi. Abiria wa Mbeya wana macho: wanaangalia pikipiki kwanza, sura ya dereva baadaye. Ukishajulikana kijiweni kwamba wewe ni wa tambarare, wateja wa milimani na hela yao unawasikia tu.

Akaenda kwa fundi wa mtaani, naye kijana tu, mwenye simu iliyojaa video za mapikipiki ya Indonesia na Thailand. Kazi ikaanza kwa hatua.

Kwanza ekzosi. Ndani ya lile bomba kuna vyumba na vibomba vidogo vya kuvunja kelele. Fundi akalikata nyuma, akavitoa vyote, akachomelea tena. Likabaki bomba tupu. Hapo sauti ikazaliwa.

Pili, eya klina. Akatoa sponji yote. "Iache ipumue," alisema fundi.

Pikipiki ikapaa! Ndiyo, ilipaa kweli, na hapa ndipo penye mtego. Kumbuka ilikuwa imevimbiwa petroli kwa sababu ya mwinuko. Ulipofunguliwa mlango wa kuingilia hewa na wa kutokea moshi, hewa ikaongezeka na mchanganyiko ukakaribia kuwa sawa. Injini ikachangamka. Dogo akaamini ni bomba limeleta nguvu. Fundi naye akaamini. Hakuna aliyejua kwamba kwa bahati tu wamerekebisha kabureta, tena kwa Mbeya peke yake.

Tatu ndiyo ilikuwa kubwa. Hizi 125 nyingi za Kichina ni watoto wa Honda CG125, injini iliyotoka mwaka 1976, na Wachina wakaikuza hadi 150 kwa kupanua silinda bila kubadilisha urefu wa mwendo wa pistoni. Kipenyo kinatoka milimita 56.5 hadi 62. Kwa hiyo ukipanua kidogo mdomo wa kasha la injini, bloku ya 150 inakaa. Vijana wanaita "kubadilisha moyo". Bei, pamoja na ufundi na bloku ya zamani kubaki kwa fundi, laki moja na elfu themanini.

Piga hesabu mwenyewe hiyo ni wiki ngapi za dada. Sita.

Kwa simu akamwambia krachi imekufa, pikipiki iko kwa fundi, wiki hii avumilie. Wiki iliyofuata spea haijafika. Iliyofuata askari wamemshika. Uongo una tabia ya kuomba mwenzake. Dada kila mara alijibu neno moja: "Haya."

Na maisha yakawa matamu. Itiji anapanda na mtu wawili. Jumapili wanakwenda kundi zima barabara ya Chunya, wanapita msitu wa Kawetire, wako zaidi ya mita 2,000, ukungu, picha, kelele. Akaanza kuitwa kwenye misafara ya harusi, maana pikipiki yake ilikuwa inapiga risasi vizuri. Ule mlio hauna uchawi. Unazima swichi huku chombo kinatembea, injini inaendelea kuvuta petroli bila kuichoma, petroli inakwenda kukusanyika kwenye bomba la moto, unawasha tena na inalipukia humo. Bibi harusi anapiga vigelegele, na valvu za kutolea moshi zinaungua taratibu.

Kuna binti wa Sae alianza kumpigia simu kwa sababu ya ile sauti tu. Hilo nalo liandikwe, maana wanaume wengi wanatengeneza pikipiki kwa sababu hiyo na hawasemi.

Mwezi wa tisa dada akapiga. Vitunguu vimekomaa Ruaha Mbuyuni, bei nzuri, dereva wake wa siku zote anaumwa. Dogo aje na pikipiki, washuke pamoja wachague mzigo, atamlipa.

Hakuweza kukataa. Akaondoka alfajiri. Uyole, Mlima Nyoka, kisha barabara inateremka bonde la Usangu, Igurusi, Chimala. Pale Chimala, ambako ni chini zaidi na joto, alisimama kunywa soda na akasikia harufu ya chuma kilichoungua. Injini ilikuwa inatoa joto mpaka magotini. Akaimwagia maji kidogo miguuni pake, siyo kwenye injini, hilo angalau alilijua, akaendelea. Baada ya Igawa barabara inapanda, Makambako ikampokea na upepo wake wa baridi, na pikipiki ikarudi kuwa njema. Mafinga alipita anaimba. Zaidi ya kilomita 300 kwa 125 iliyobadilishwa moyo, na anafika Iringa jua bado lipo! Mtu angemwambia nini?

Dada alimsikia akiwa bado darajani Ipogolo. Akatoka nje na kanga yake, akasema, "Nilijua lori limepasuka tairi." Akacheka. Mwanawe akaomba apandishwe, akazungushwa mtaani mara tatu, jioni ile mtoto akawa mfalme. Shemeji aliangalia lile bomba kwa muda, akamsalimia, akaingia ndani.

Asubuhi wakashuka Kitonga, dada nyuma. Kushuka hakuna shida, injini haifanyi kazi. Chini kule ni dunia nyingine: mibuyu, joto, mwinuko umebaki mita mia tano na kitu. Kutoka Mbeya kilomita zaidi ya moja kwenda chini. Na dogo akashangaa pikipiki imekuwa nyepesi ajabu, ukigusa tu inaruka. Alimwambia dada, "Unaona? Imepata hewa."

Ni kweli ilikuwa imepata hewa. Imepata hewa kuliko petroli. Ule mchanganyiko uliokaa sawa kwa Ilomba, huku chini ulikuwa mkavu. Na petroli kidogo kwenye hewa nyingi inachoma kwa joto kali, kwenye injini isiyo na maji, inayopozwa na upepo peke yake.

Dada alinunua magunia saba, akayapandisha kwenye fuso. Yeye akataka awahi Ipogolo kupanga eneo, kwa hiyo wakapanda tena pikipiki, na kiroba kimoja cha vitunguu mbele juu ya tangi.

Kitonga kupanda, wanaoijua wanaijua. Malori yanatambaa kwa mwendo wa mtu anayetembea, ukuta upande mmoja, shimo upande mwingine, na kona ambazo huwezi kupita bila kuona mbele. Wakakwama nyuma ya lori la mzigo mzito. Gia ya kwanza, mafuta mengi, upepo hakuna. Dakika kumi hivi. Injini ikaanza kutoa mlio mkavu, kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo. Nguvu ikapungua. Dogo akafanya ambacho kila mtu angefanya: akaongeza mafuta.

Ikanoki pale pale. Gurudumu la nyuma likakaba.

Aliminya krachi. Huyo dogo mseme mnavyotaka, lakini aliminya krachi, na ndiyo iliyowaokoa, maana tairi liliachia na pikipiki ikarudi pembeni kwenye mfereji badala ya kulala katikati ya barabara. Lori la nyuma lilipiga breki na honi kwa pamoja. Dada aliangukia goti na kiganja. Kiroba kikapasuka, vitunguu vikaanza kubiringika kurudi Mbuyuni.

Kelele zote zikaisha. Tandiboi wa lile lori la nyuma alishuka na kuanza kuviokota, na dada naye, goti linavuja damu, akachuchumaa mferejini akaokota kimoja kimoja. Dogo alikuwa amesimama ameshika usukani wa kitu ambacho hakiwaki. Dada hakumwangalia.

Ile fuso ilipofika ikawapakia wote watatu, dada mbele, dogo na pikipiki nyuma juu ya magunia.

Ipogolo kuna fundi mzee, wa zamani hasa, aliyezeeka na pikipiki za mabwana shamba na za mapadre. Dada ndiye aliyempeleka. Wakamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitika huku ameshaanza kuangalia bomba. Akatoa plagi kwanza, akaiinua juani. Nyeupe kama chaki. Alisema ikiwa nyeusi imekula petroli nyingi, ikiwa kahawia iko salama, na ikiwa nyeupe hivi usiendelee na safari, rudi nyumbani.

Halafu akafungua bloku. Pistoni ilikuwa imeyeyuka upande wa kutolea moshi, alumini imejipaka ukutani mwa silinda kama siagi kwenye mkate. Akapitisha kidole kwenye ringi, akaonyesha vumbi laini lililochanganyika na oili. Hiyo ndiyo kazi ya kutoa sponji.

Kisha akatulia. Akaigeuza pistoni, akasoma namba.

"Hii ni ya 150. Nani kaweka?"

Dada alikuwa amekaa kwenye tairi bovu, kitambaa gotini. Akamwangalia mdogo wake kwa mara ya kwanza tangu Kitonga.

"Ulisema krachi," alisema.

Dogo hakujibu. Mzee, ambaye hakujua kitu, aliendelea kuongea kama wazee wanavyoongea mikono ikiwa na grisi. Kwamba bomba la moshi kweli lilikuwa na siri, lakini zamani, kwenye injini za kuchanganya oili na petroli, stroki mbili. Zile umbo la bomba linarudisha wimbi la moshi na kusukuma petroli mpya isitoke nje.

Na hapo mzee alikuwa sahihi kuliko alivyojua mwenyewe. Mhandisi Walter Kaaden wa kiwanda cha MZ, Ujerumani Mashariki, ndiye aliyelifikisha mbali bomba la namna hiyo miaka ya 1950, mpaka kufikia 1961 injini yao ya cc 125 ilikuwa inatoa farasi wapatao 25. Mwaka huohuo dereva wao, Ernst Degner, alitoroka wakati wa mashindano ya Sweden, akapeleka ujuzi huo Suzuki Japani, na 1962 akawa bingwa wa dunia wa cc 50 akiwa na Suzuki. Bomba tu, na mtu akaacha nchi yake! Lakini Mchina wa stroki nne wa kubeba abiria si hiyo. Ukilipasua bomba lake unapata kelele nyingi na nguvu kiduchu, na usiporekebisha jeti unaikaanga.

"Ulikuwa unataka nini hasa?" mzee akauliza.

"Kupanda milima, mzee."

Mzee akachukua sproketi ndogo kwenye kopo, ya mbele, meno 14. "Yako ina 15. Weka hii. Utapoteza mwendo kidogo, lakini mlimani itavuta zaidi, kama asilimia saba. Unarudisha na eya klina yako. Jeti tunaweka ndogo kidogo ya huko kwenu juu, ukija kushuka Mbuyuni unabadilisha, dakika kumi. Tapeti tunapima." Ile sproketi ilikuwa bei ya chakula cha siku mbili.

Dogo aliiangalia ile sproketi muda mrefu.

Bloku ya zamani ilikuwa imebaki Mbeya kwa fundi, alishaiuza. Ilibidi inunuliwe nyingine ya 125, pamoja na pistoni, ringi, na bomba la moshi la mtumba. Dogo mfukoni alikuwa na elfu kumi na mbili. Dada akafungua fundo la kanga, akahesabu noti mbele ya mzee, akaziweka juu ya benchi.

"Na hii nayo uandike," alisema. Akaondoka akichechemea kwenda kupokea vitunguu vyake.

Kijiweni Kabwe aliporudi walimcheka wiki nzima. Walisema kanunua ya umeme. Walisema kavaa pikipiki soksi. Binti wa Sae akapunguza simu, halafu akaacha. Misafara ya harusi ikamsahau. Itiji anapanda, polepole, gia ya pili, lakini abiria hashuki, na lita moja inamfikisha mbali kuliko zamani. Yule mama wa viazi ni mteja wake sasa.

Elfu thelathini zikaanza tena kuingia Jumapili usiku. Januari ilifika deni halijaisha, ada ya mtoto ikapelekwa nusu, na shemeji akasema maneno ambayo dada hajawahi kumsimulia mtu. Nusu ya pili ilikwenda Machi.

Pasaka dogo akaenda Iringa. Alichukua siku mbili, akalala Makambako kwa rafiki, alisimama kila injini ilipopata moto. Jeti kubwa ilikuwa mfukoni, imefungwa kwenye karatasi. Alipita daraja la Ipogolo jioni, akaegesha chini ya mparachichi, akazima. Dada alikuwa uani ameinama anachambua vitunguu, mgongo ameupa njia.

"Kamwene, dada."

Dada akashtuka, akageuka, akamwona amesimama na kofia ngumu mkononi.

"Eh! Umekuja na basi?"